Mtoto mwenye hemofilia anaanza shule: nani aambiwe?

Dada, umeuliza kama habari ya hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) ya mwanao anayeanza darasa la kwanza ibaki kwa mwalimu mkuu tu. Mwanangu ana hemofilia A kali na sasa yuko sekondari. Kwangu jibu ni hapana. Mtoto haangukii ofisini kwa mwalimu mkuu. Wa kuambiwa ni mwalimu wa darasa, wa michezo, na anayewasindikiza kwenye basi.

Waandikie ukurasa mmoja, usizidi. Walimu wengi huogopa kidonda cha nje, wakidhani mtoto atachuruzika damu mpaka aishe. Mkwaruzo unakandamizwa, unafungwa, basi. Kinachowatesa watoto wetu ni damu inayovujia ndani ya viungo: goti, kifundo cha mguu, kiwiko. Ikirudi mara kwa mara kwenye kiungo kilekile, gegedu huliwa na mtoto hubaki na ulemavu.

Na hapo ndipo utakapohitaji kusimama imara. Kabla goti halijavimba, mtoto mwenyewe husikia joto, au kama kitu kinamtekenya kwa ndani. Mwalimu akitazama haoni kitu. Wangu aliwahi kuambiwa anakwepa hesabu, na jioni ile mguu haukukunjika. Iliniuma sana. Tangu hapo sentensi ya kwanza kwenye karatasi yetu ni hii: akisema anaumwa, mwaminini na mnipigie simu, msisubiri uvimbe. Fakta 8, yaani protini ya kugandisha damu inayowapungukia wenye hemofilia A, ikichomwa mapema, damu hukoma kabla haijajaa kwenye kiungo.

Mengine ni mafupi. Akigonga kichwa, hata kama anacheka, ni hospitali mara moja. Asipewe aspirini wala ibuprofeni. Zikija chanjo za shuleni, asichomwe kwenye msuli kabla daktari wake hajasema.

Tafadhali usikubali akalishwe pembeni vipindi vyote vya michezo. Ngumi na raga hapana, lakini kuogelea kunajenga misuli inayoshikilia viungo, na mtoto anayetazama tu wenzake wakicheza anaumia kwa namna nyingine.

Kuwaambia wanafunzi wenzake, mwachie yeye aamue. Wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia rafiki mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa akikimbia kumwita mwalimu.

Kabla shule haijafunguliwa, muulize daktari kama dozi moja ya fakta inaweza kuhifadhiwa pale shuleni na nani ataruhusiwa kuichoma. Karatasi nayo ipeleke upya kila mwaka, maana walimu hubadilika.