Mzee wa kanisa ni miguu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na picha nimeiona. Umeniuliza juu ya kile kipande cha madini ya risasi ulichokikuta kwenye kabati la kioo huko Pennsylvania, kidogo kama shilingi, kilichokuwa ruhusa ya mtu kufika kwenye Meza ya Bwana: wazee wa kanisa la Wapresbiteri wa enzi zile za walowezi walitumia kipimo gani kuamua nani apewe na nani anyimwe?

Kipimo hakikuwa siri. Kabla ya Meza ya Bwana waliwahoji watu wao. Katekisimu unaijua? Umelewa? Umevunja Sabato? Una ugomvi na nani? Jumamosi, baada ya mahubiri ya maandalizi, aliyeridhisha alipewa kipande chake. Jumapili alikirudisha mkononi mwa mzee, akaketi kwenye zile meza ndefu. Asiye nacho alibaki kwenye benchi, mbele ya majirani wote.

Lakini mimi linaloniumiza ni jingine: nani alikwenda kumwambia aliyenyimwa?

Wajua nisemalo siku zote, mzee wa kanisa ni miguu. Huko magharibi mwa Pennsylvania, ng'ambo ya milima ya Allegheny, miaka ya 1790, wachungaji walikuwa haba, kwa kuwa Wapresbiteri walitaka mchungaji awe amesoma hasa, na mmoja aligawanywa kwa makanisa mawili au zaidi. Siku zilizobaki kanisa lilikuwa mzee wake, mkulima mwenye shoka lake. Ndiye aliyekwenda kumwona mgonjwa msituni, akapatanisha waliogombana. Hakulipwa, na aliwekwa wakfu kwa maisha yake yote.

Sasa fikiria kesi ya ulevi. Wakulima wa huko walipika wiski, maana kuvusha magunia ya nafaka milimani kwa farasi hakukuwa na faida. Ikishakuwa pombe ilibebeka na kuuzika. Serikali ilipoitoza kodi mwaka 1791 walikataa, hadi 1794 Rais Washington akapeleka jeshi. Basi aliyemkemea mlevi huenda naye alikuwa na mtambo nyuma ya ghala. Utasema walikemea ulevi, si pombe, na hiyo ni tofauti. Ni tofauti kweli. Au ni tofauti kwa aliyeketi upande wetu wa meza tu?

Shangazi yako alipika pombe ya muratina, unajua, na unajua karo yako ya Kidato cha Kwanza ilitoka wapi. Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niwekewe mikono kuwa mzee wa kanisa. Wazee wakakubaliana asije mezani mpaka aache, wakasema nitumwe mimi kwa sababu ni wifi yangu. Nilimkuta anageuza matunda ya muratina juani, juu ya gunia, moja moja. Akanifutia kigoda kwa leso yake. Nikasema niliyotumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wifi, umekuja kwa miguu yako au kwa miguu yao?"

Sikumjibu. Nilikunywa chai yake nikaondoka.

Sheria ni sheria, mimi mwenyewe nimewaambia wengine hivyo. Meza isiyolindwa inamheshimu nani? Halafu nakumbuka zile noti za karo zilivyokunjwa ndogo, zikinuka chachu, nami nikazipokea kwa mikono miwili. Mimi hakuna aliyeniweka nje.

Najua unataka niseme kama wale wazee wa Pennsylvania walitenda haki. Neno ninalo, liko hapa mdomoni. Acha likae, maana nikilitamka nitakuwa najisemea mimi na shangazi yako, na wale watu wa watu nitakuwa nimewasingizia. Ila mzee wa kanisa ni miguu, mwanangu, na miguu ingetangulia ule uamuzi. Ningekwenda kwake kabla ya kikao. Ningekwenda.

Jumapili ile alikuja. Alikaa palepale pake, safu ya tatu, dirishani. Mimi ndiye niliyeshika sinia ya mkate upande ule. Ilipomfikia aliipokea kutoka kwa jirani wa kushoto, akaishika sawasawa isiyumbe, akampa wa kulia.

Mama yako