Bibi harusi wa kijivu na kiti chekundu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga picha za harusi na sendofu huku Muheza, huu mwaka wa pili. Kamera yangu ni ya mtumba ila haina tatizo. Juzi nilikuwa na shughuli ya mchana chini ya turubai la bluu, bibi harusi kavaa kisutu, ile kanga ya harusi. Kwa macho nilimwona anang'aa. Kwenye picha uso umetoka wa kijivu kama ana homa, na nyekundu ya kisutu imegeuka damu ya mzee. Usiku ukumbini ikawa kinyume: visutu vya shangazi zake vimewaka nyekundu tupu, nakshi hazionekani. Juu ya hayo mama mtu kaniambia picha "zimejaa vitu". Nilifundishwa kuigawa fremu mafungu matatu na mtu nimweke kwenye theluthi ya pembeni, nimegawa, bado. Ninunue lenzi nyingine?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Lenzi iache dukani kwanza. Picha ulizonitumia nimezitazama moja moja, na kamera yako haijakukosea popote. Imeandika kilichokuwepo. Shida ni kwamba wewe ulimtazama bibi harusi peke yake, na rangi haikai peke yake hata siku moja.

Tuanze na turubai. Mwanga uliomfikia yule binti ulikuwa umepenya kitambaa cha bluu, na kitambaa cha namna ile hupitisha bluu kikazuia sehemu kubwa ya nyekundu na manjano. Sasa, kitu chekundu hakina wekundu wa akiba mfukoni. Kinarudisha tu ule wekundu uliomo ndani ya mwanga unaokiangukia. Ukikosekana, hakina cha kurudisha, kinaelekea weusi. Hiyo ndiyo damu ya mzee yako. Ngozi zetu ni hivyo hivyo: kahawia hurudisha nyekundu na manjano kwa wingi, bluu kidogo. Chini ya turubai lile ngozi imenyimwa kile inachokirudisha vizuri, ikabaki imepauka.

Wewe ulimwona anang'aa kwa sababu macho na ubongo huzoea. Ukikaa dakika chache kwenye mwanga wa bluu, ubongo unaihesabu bluu kuwa hali ya kawaida na kuipunguza bila kukuuliza. Kamera haina mazoea ya namna hiyo, au inayo kidogo, kulingana na ulivyoweka kile kipengele kilichoandikwa WB, yaani kipimo cha weupe. Kinahesabiwa kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni mwanga wa njano, kubwa ni wa bluu. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya njano ya kizamani 2,700 hadi 3,000, jua la mchana kama 5,500, kivuli cha siku isiyo na wingu 7,000 na zaidi. Ukiiachia kamera ibahatishe, mara nyingi inapatia. Chini ya turubai la rangi kali inapotea.

Dawa ya nusu ni hii: chukua karatasi nyeupe isiyong'aa, mwambie bibi harusi aishike mbele ya uso wake, ipige picha hadi ijaze fremu, kisha ingia kwenye WB uchague kujipimia mwenyewe, uionyeshe kamera ile picha. Nasema ya nusu kwa sababu kipimo hiki hakitengenezi wekundu usiokuwepo. Kinaukuza ule mdogo uliopo, na ukikuzwa sana unakuja na chenga.

Dawa kamili ni hatua tatu. Mtoe bibi harusi katikati ya turubai, mlete ukingoni, uso uangalie nje. Hapo uso unapata mwanga wa anga wazi, na nyuma yake turubai linakuwa giza la kupendeza linalomtenga na watu. Kabla hujabonyeza, angalia chini. Uwanja ukiwa wa udongo mwekundu, mwanga unaoruka kutoka ardhini utampasha joto kidevuni na mashavuni, na ni mzuri kuliko vipodozi vingine. Ukiwa wa nyasi, kidevu kitaingia kijani, na chini ya mwembe ni kijani juu na chini. Tandika hata kanga moja nyepesi miguuni pake, nje ya fremu, uone tofauti.

Usiku ni kesi nyingine. Ndani ya kamera yako kila kijitobo kinachopokea mwanga kinaona rangi moja tu: nusu ya vitobo vinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ukapewa hataza, yaani haki ya mbunifu kisheria, mwaka 1976, na kamera nyingi bado zinautumia. Taa za njano za ukumbini zina wekundu tele, kisutu kinaurudisha karibu wote. Chukulia madebe matatu chini ya paa mvua ikinyesha: la nyekundu limefurika na kumwaga, la kijani na la bluu yana maji ya kiganja. Kamera inapima wastani wa madebe yote, inakwambia mambo sawa. Maji yaliyomwagika ndizo nakshi zako.

Kwa hiyo usiangalie ule mchoro mmoja mweupe wa kupima mwangaza. Kwenye menyu washa unaoonyesha rangi tatu mbalimbali, na mlima mwekundu ukigonga ukuta wa kulia, upande wa mwanga uliozidi, punguza mwangaza theluthi mbili ya stopu, au stopu nzima (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu). Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, sura utazinyanyua baadaye. Na ule mtindo wa kukoleza rangi uuzime; kisutu hakihitaji kukolezwa na mtu.

Jambo dogo kabla sijasahau. Kamera hukadiria kwamba chochote kilicho mbele yake kina ung'avu wa kati, kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Shela jeupe likijaa fremu, inadhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso mweusi uliozungukwa na shela ndio unaolipa. Pima mwanga usoni, shela lifuate.

Sasa nije kwa mama mtu, ambaye kwa kweli ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko lako.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kusimamia utiaji rangi kwenye karakana ya Gobelins mjini Paris, panapofumwa mazulia ya ukutani. Akakuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Alizipima nyuzi, akaziona hazina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani: weusi uliofumwa kando ya bluu na zambarau ulionekana hafifu. Mwaka 1839 akatoa kitabu kuhusu jambo hilo, na wachoraji wa Ulaya wakakifanya somo.

Huna haja ya kwenda Paris. Kata vipande viwili vya bahasha moja ya kaki. Kimoja kiweke juu ya kanga ya manjano, kingine juu ya kanga ya bluu iliyokolea. Rudi nyuma hatua mbili. Cha kwenye bluu kitakuwa cheupe zaidi na chenye umanjano, cha kwenye manjano kitakuwa kimefifia na kuingia giza. Utaapa ni bahasha mbili. Fanya hivyo leo, kisha rudia picha yako namba nne, ile ya pazia la waridi nyuma ya bibi harusi, ujue kwa nini hina yake imeonekana imechujuka.

Na picha namba saba. Kona ya kulia chini kuna kiti cha plastiki chekundu, vile vya soda. Hakuna aliyekikalia. Kiko kwenye mwanga, kisutu kiko kivulini. Kila nikiifungua picha ile jicho langu linaanzia kwenye kiti, linakwenda kwa bibi harusi, linarudi kwenye kiti. Mama mtu hajui kusema hivyo, kasema "zimejaa vitu". Zimejaa nini? Zimejaa wekundu wawili wanaogombea nafasi moja. Jicho hukimbilia uso wa mtu, mahali penye mwanga kuliko pengine, rangi kali, na maandishi yoyote. Kabla ya kupiga, hesabu vitu hivyo ndani ya fremu. Vyote vikiwa kwa bibi harusi, umemaliza kazi. Kimoja kikiwa kwenye kiti, sogeza kiti. Haikugharimu kitu.

Sikucheki. Miaka yangu ya mwanzo nilipiga singo moja Unguja, shughuli ya kumsinga bibi harusi, nikajisifu kwa mwanga wa dirishani. Bibi mmoja akazitazama picha kwa makini, akaniuliza, "Mwanangu, mbona ndoo ndiyo imetoka vizuri?" Ilikuwa ndoo ya kijani kibichi, nyuma ya biharusi. Mimi sikuwa nimeiona kabisa.

Hiyo kanuni ya mafungu matatu usiitupe, lakini usiiogope. Aliyeiandika kwa jina hilo ni Mwingereza John Thomas Smith, mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani, ardhi ichukue kiasi gani na anga kiasi gani. Inafaa hapo. Kumsukuma mwanamke aliyevaa kisutu hadi theluthi ya kushoto, na kulia ukabakisha turubai na mpishi, hakufai kitu.

Mwalimu bora wa mpangilio unaye kabatini. Tandaza kanga. Kuna pindo linalozunguka na kuzuia macho yasitoke nje. Kuna mji, ile sehemu ya kati, ambao ndio makazi ya jicho. Kuna jina, yale maandishi, chini ya mji, linalosomwa baada ya mji kuonekana. Wanaobuni kanga hawaweki miji miwili mikubwa inayoshindana. Fanya fremu yako hivyo: mlango, nguzo za turubai au mabega ya mashangazi yawe pindo, uso uwe mji, mikono yenye hina iwe jina. Kwa pindo la aina hiyo, bibi harusi akikaa katikati kabisa atakaa vizuri tu.

Kuhusu wingi wa rangi, tazama kazi za mwanzo za Edward Saidi Tingatinga, aliyechora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki 1972. Ubao mgumu, rangi za kupakia baiskeli, mnyama mmoja, nyuma rangi moja. Hakuwa na makopo mengi, na uchache huo ukamfaa. Hata kisutu ni rangi tatu: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Ndizo hizo hizo tatu ambazo Kiswahili kinazipatanisha na nomino, cheusi, cheupe, chekundu; nyingine nyingi tumeziazima kwenye vitu kama majani, majivu, kahawa na machungwa. Sijui kama ni bahati, lakini nikimpiga mtu mwenye kisutu, rangi ya nne huwa naitilia shaka hadi inipe sababu.

Kujikagua, igeuze picha kichwa chini kwenye kioo cha simu na uipunguze iwe kama kidole gumba. Sura zikishapotea utaona madoa tu ya rangi na mwanga. Doa linalokuvuta kwanza ndilo mgeni wako atakaloliona kwanza.

Mwisho ni saa. Mchana huku jua linakaa karibu utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo, ndiyo maana ulikimbilia turubai. Halafu linashuka karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga laini wa jioni kwetu ni mfupi kuliko wa Ulaya wakati wa kiangazi. Usiku wa kuamkia shughuli mtafute MC, umwombe dakika ishirini za bibi harusi kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, kabla ya keki. Atakuahidi. Ikifika saa kumi na moja na robo nenda ukasimame karibu naye, maana atakuwa ameshasahau.