Mtaro tumezibua, mbona maji bado yanaingia?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Naishi Hananasif, Dar es Salaam, jirani na Mto Msimbazi. Kabla ya masika mtaa mzima tulizibua mtaro, lakini mvua kubwa ilipokuja maji yaliingia ndani vilevile. Majirani wanataka tuchange tuujenge upya, uwe mpana zaidi. Utatusaidia?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako, mafuriko hayo ni ya mto. Mtaro hubeba maji ya mtaa wenu tu. Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na kuzoa maji ya sehemu kubwa ya jiji, na maji hayo yanataka bonde la kupumzikia. Hekta moja ya bonde lililo wazi, maji yakisimama kwa kina cha mita moja, inashika lita milioni 10. Mtaro wa upana na kina cha sentimita 60, ukijaa na maji yakienda mita moja kwa sekunde, unahitaji karibu saa nane kuyapitisha hayo. Ndiyo maana kila lori la kifusi linalomwagwa bondeni linaniuma: anayeinua kiwanja chake anamsukumia jirani maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Halafu kuna bahari. Mvua ikiangukia siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, mto unakosa pa kutokea pale daraja la Selander unapoingia baharini, unapanda, na mdomo wa mtaro wenu unazama. Hapo maji ya mto yanarudi mtaani kwa njia ya mtaro wenyewe, na mkiupanua yatarudi mengi zaidi. Afadhali mchango huo uweke mlango wa bawaba mdomoni, unaofunguka kuelekea mtoni tu. Mlango huo ukaguliwe kila baada ya mvua, maana chupa moja ikinasa haufungi.

Kuzibua msiache: mchanga wa sentimita 20 tu umekula theluthi ya mtaro huo. Anzeni mdomoni mkipanda juu, na tope lichukuliwe siku hiyohiyo, lisirundikwe ukingoni. Rudieni kabla ya vuli.

Lakini kabla ya kuchanga, mwiteni mhandisi wa manispaa siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, mkapime naye mdomo umezama kiasi gani.