Wadogo zangu mnaohamia Kingston, Jamaika, kila mtu ashike pasipoti yake

Juzi nilikwenda uwanja wa Norman Manley kuwapokea vijana wawili, mume na mke, wametoka Dodoma kupitia London. Binti amekuja kwa mkataba wa kufundisha, kama nilivyokuja mimi, na mume kamfuata. Nikawakumbatia, tukapakia mabegi, tukaanza kutoka kwenye ile barabara nyembamba yenye bandari upande mmoja na bahari kuu upande wa pili. Nikamwuliza yule kijana, "Umeshapata laini ya hapa?" Akajibu kwa utulivu kabisa, "Dada, laini atashughulikia mke wangu, mambo yote yako kwake." Nikauliza pasipoti yake iko wapi. Iko kwenye mkoba wa mke. Nikanyamaza mpaka Harbour View, maana nilijua nikifungua mdomo nitafoka, na watoto wa watu walikuwa hawajalala siku nzima.

Sasa nafoka. Hii ni familia ya nne naipokea, na ya nne inaanza na kosa lile lile lililonigharimu mimi. Mambo ya pemiti na mkataba wa nyumba mnayajua, sitarudia. Nitasema yale ambayo hamuulizi.

1. Salimieni. Ukiingia kwenye teksi, foleni ya benki au chumba cha kumsubiri daktari, unasema "Good morning" kwa wote waliopo nao wataitikia. Kwetu hilo si geni, ila nawaona vijana waliopitia Ulaya wanashuka hapa wamenyamaza kama walivyozoea kule. Rudini kwenye malezi ya nyumbani. Kitu kimoja tu kitawachanganya: jua likishazama, mtu akikwambia "Good night" anakukaribisha, ni kama kusema habari za jioni. Hakuagi. Mwezi wetu wa kwanza mume wangu alirudi kutoka dukani usiku, akamkuta mama wa nyumba ya chini amekaa barazani. Mama akasema "Good night." Mume wangu akaona amefukuzwa, akaitikia haraka na kupanda ngazi. Akaja kuniambia, "Yule mama hapendi wageni." Kuanzia siku hiyo akawa anapita pale kichwa chini. Nikacheka, sikumsahihisha, na mimi mwenyewe nilikuwa najua maana yake kwa sababu kazini walishaniambia. Mkumbukeni huyu mama, nitarudi kwake.

2. Vya haraka. Umeme wa hapa ni volti 110 na soketi ni za pini bapa, kwa hiyo blenda na pasi za Kariakoo waachieni shemeji. Tiketi inayopita Miami inataka viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja. Tuko nyuma ya nyumbani kwa saa nane, hivyo saa nne usiku ya hapa ndiyo saa kumi na mbili asubuhi ya Dar. Mpigie mama yako muda huo, atakuwa ameamka na wewe hujalala. Pangeni nyumba yenye tangi, kwa sababu kiangazi kikikaza na bwawa la Mona na la Hermitage yakishuka, maji yanakuja kwa mgao.

3. Msibebe unga. Unga wa mahindi upo, ni wa njano, na ugali wake mtaununia wiki moja kisha mtauzoea. Mchicha ndio wanaouita callaloo. Mbaazi ni gungo, na Krismasi bila mbaazi kwao haijaiva. Rozela wanaipika na tangawizi, ndiyo sorrel yao. Shelisheli, ambalo Wazanzibari mnalijua, wanalichoma zima juu ya moto mpaka ganda linakuwa jeusi. Kapteni William Bligh ndiye aliyelileta kutoka Tahiti mwaka 1793 ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa, na leo wajukuu wa watumwa hao wamelifanya lao. Tunda la ackee lina asili ya Afrika Magharibi na linataka heshima: lisipojifungua lenyewe mtini lina sumu, msilipasue kwa kisu hata mkiwa na njaa namna gani.

Halafu kuna wali wa Jumapili. Unapikwa kwa nazi na maharage, thaimu, na pilipili moja nzima inayoelea juu bila kupasuka. Jumapili ya kwanza tulialikwa kwa mfanyakazi mwenzangu. Mume wangu alikula kimya, akaongeza, akaongeza tena. Tulipoingia kwenye gari akaniambia, "Huyu mama lazima ana ndugu Tanga." Ndiyo siku pekee katika mwezi ule nilipomwona ametulia.

4. Teksi za njia moja ni kama michomoko yetu, mnajazana na kila mtu ana kituo chake. Pandeni zenye namba nyekundu. Ukitaka kushuka sema "one stop" kwa sauti, na usisubiri konda, hakuna.

5. Majina mawili kwenye kila karatasi. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Tulipofika sisi, kila jambo lilikuwa na haraka. Kazini walinihitaji wiki ile ile. Nikachukua TRN, namba ya mlipakodi, ndiyo TIN yao, bila hiyo hufungui akaunti wala hupati leseni ya udereva. Nikafungua akaunti kwa jina langu kwa sababu barua ya mwajiri ilikuwa na jina langu. Mkataba wa nyumba jina langu, bili ya umeme jina langu, intaneti jina langu. Mume wangu aliuliza mara mbili, "Na mimi nifanye lini?" Nikamwambia tutafanya tukitulia. Yeye nyumbani alikuwa mhasibu, mtu wa kupanga mafaili ya wenzake. Huku hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi, maana anayemfuata mwenza wake anaruhusiwa kuishi tu, kazi ina pemiti yake. Kila Jumatatu nilimwachia fedha ya matumizi juu ya friji. Niliona ninamtunza. Miaka miwili ikapita namna hiyo, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo ilivyokuwa vigumu kurekebisha: benki inataka TRN, uthibitisho wa anwani na watu wa kukudhamini kwa barua. Yeye hakuwa na bili hata moja yenye jina lake, na watu aliokuwa anawajua walikuwa ni watu wangu.

Jumatatu tarehe 1 Julai 2024 nikaenda Mandeville kikazi, kama kilomita 100 kutoka hapa. Kimbunga Beryl kilikuwa kinapita visiwa vya mashariki na redio haikuzungumzia kingine. Nilitakiwa kurudi Jumanne. Kazi ikabaki kidogo, nikasema nitatoka Jumatano alfajiri. Jumatano serikali ikaweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na Beryl ikapita kusini ya pwani ikiwa ya daraja la 4. Kule Mandeville niliona mabati yanaruka. Kufika jioni simu haishiki. Alhamisi haishiki. Barabara zimelaliwa na miti na nguzo.

Kingston haikupigwa kama jimbo la St Elizabeth, lakini umeme ulikatika mtaani kwetu. Pampu ya maji haifanyi kazi bila umeme. Ipo valvu ya kuruhusu maji yashuke yenyewe kutoka tangi la juu, na mwenye nyumba alinionyesha mimi siku tunakabidhiwa funguo. Mume wangu hakuijua. Namba ya mwenye nyumba ilikuwa kwenye simu yangu. Friji likayeyuka. Duka la karibu likawa linapokea fedha taslimu tu kwa sababu mashine za kadi zilizimika, na kadi yenyewe hata hivyo hakuwa nayo. Juu ya friji zilibaki dola 2,500 za Jamaika, hazifiki 20 za Marekani. Akanunua mkate, maji na sardini. Alhamisi dawa yake ya presha ikaisha. Cheti cha daktari cha kununulia nyingine kilikuwa kwenye mkoba wangu, pamoja na kadi ya bima, Mandeville.

Nimejaribu kusema haya kwa wepesi na siwezi. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, aliyewahi kuongoza idara, alikaa gizani kwenye nyumba ambayo hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba anaishi humo. Hakuna aliyempokonya kitu kwa ubaya. Nilimpokonya mimi, kidogo kidogo, kwa kusema "acha, nitafanya mimi, ni haraka zaidi."

Alhamisi usiku kichwa kikamuuma mpaka akashindwa kulala. Akashuka ngazi, akakuta yule mama wa chini amekaa barazani na taa ya mafuta. Mama akasema, "Good night." Safari hii hakuwa na nguvu ya kupita, akasimama. Mama yule ni muuguzi mstaafu, amepitia kimbunga Gilbert cha 1988, na kila dhoruba anaipima kwa hicho. Akamkalisha, akampima presha: 170 kwa 105. Akamwamsha mtoto wa ndugu yake, wakatafuta dawa usiku ule ule. Asubuhi akampikia uji wa mahindi, kwa kungumanga na maziwa mazito ya kopo. Ndiye aliyemwonyesha valvu pia, kumbe nyumba zote mbili zimejengwa na fundi mmoja.

Nilifika Ijumaa mchana. Mama akanizuia mlangoni kabla sijapanda. Akaniuliza, "Miaka miwili huyu baba anapita hapa kwangu. Kwa nini nilikuwa sijui jina lake?" Sikuwa na jibu.

Juu nilimkuta mume wangu mezani. Hakunilaumu. Alikuwa ameandika orodha, mwandiko wake ule wa kihasibu ulionyooka, mambo ambayo hakuyajua: namba ya mwenye nyumba, namba ya akaunti, tawi la benki, jina la daktari wetu, namba ya bima, kodi inalipwa tarehe ngapi. Yalikuwa kumi na moja. La mwisho lilisema, "Nikifa hapa, nani atajua ni mimi?" Nililia, naye akanifuta machozi, na hilo liliniuma zaidi kuliko angenifokea.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kodi. TRN ni bure. Fomu moja na pasipoti. Miaka miwili nilikuwa nimeahirisha fomu moja.

6. Tafuteni pardna. Wenyeji wataniuliza kwa nini nasema siri zao, lakini pardna ni upatu wetu huu huu: mnatupa mkono, yaani mchango, kila wiki, mshika fedha wanamwita benka, na zamu yako ikifika unavuta. Huingii kwa tangazo, unaingizwa na mtu anayekujua. Mama wa chini ndiye aliyemwingiza mume wangu, Agosti ile ile. Alirudi nyumbani amechangamka, ananiambia wamemweka zamu ya tisa na wamemwandika kwa jina lake kamili, wakamwuliza linatamkwaje. Mzee mmoja kwenye kikundi, aliposikia Tanzania, akasema "Nyerere," kisha akasema "Michael Manley," waziri mkuu wao wa zamani, wakaongea saa mbili. Baadaye ndio haohao waliomwandikia barua za benki.

7. Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba. Wekeni fedha taslimu za noti ndogo mahali mnapopajua wote wawili, nyaraka kwenye mfuko wa plastiki, namba muhimu kwenye karatasi, dawa za mwezi mzima. Na ukiambiwa rudi Jumanne, rudi Jumanne.

Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilipotua jimbo la Westmoreland kikiwa cha daraja la 5, sisi Kingston tulinusurika, magharibi yakabomoka. Usiku wa kuamkia siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nauliza tochi ziko wapi, na yeye anajibu kutoka chumba kingine. Alikuwa ameshajaza ndoo, amefunga madirisha yetu na ya mama wa chini. Siku zilizofuata watu wa pardna walichanga mchele, maji na maturubai kwa ajili ya mji wa Black River, na daftari la michango alipewa yeye.

Kwa hiyo nyinyi wawili wa juzi, mkiwa mmepumzika: Jumatatu saa mbili kasoro robo asubuhi nitakuwa nje ya ofisi ya kodi, nimevaa kitenge cha kijani, mtaniona. Msimtume mmoja. Mje wote, kila mtu na pasipoti yake mkononi. Na wewe bwana mdogo, njiani mkipanda teksi, anza wewe kusalimia.