Kitanda nacho ni mshahara, mwanangu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku usingizi ukakata, si kwa hasira usije ukadhani, ila swali umeliuliza kama dogo kumbe ndo lenyewe. Unasema wewe na mwenzio mnataka kuzunguka Ulaya miezi mitano kwa hela kidogo, muingie na viza ya utalii, mkifika mnasaidia kazi hosteli masaa machache mnapewa kitanda na chakula, afu unaniuliza "mama kama hatulipwi hiyo si kazi, au?"

Ni kazi. Nchi nyingi hawaangalii kama umeshika noti mkononi, wanaangalia umefanya nini na umepewa nini, na kitanda nacho ni malipo. Marekani ukiingia kwa viza ya matembezi ukafagia vyumba ili ulale bure, umeshavunja masharti. Uingereza wanalegeza kidogo, mgeni anaruhusiwa kujitolea lakini isizidi siku 30 na iwe kwa shirika la hisani lililosajiliwa, hosteli ya mtu haimo. Na kukamatwa si vigumu, kuna nchi afisa pale uwanjani anaweza kukwambia fungua simu, akakuta mwenye hosteli kakuandikia "karibu, utakaa mapokezi", safari imeishia hapohapo hata begi hujalichukua. Usije ukamdanganya pia, uongo unaweza kukufungia mlango miaka na miaka.

Afu hiyo miezi mitano yenyewe mmepiga hesabu kweli? Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mgeni anakaa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka pia, na kutoka wikiendi moja ukarudi hakuanzishi hesabu upya kama mwenzio anavyodai. Zamani watu walikuwa wanategemea mihuri iliyofifia, sa hivi tangu Oktoba 2025 wameanza kusajili kwa kompyuta, uso na alama za vidole. Ireland haimo Schengen, siku za huko hazihesabiwi humo, ila ina viza yake.

Kama kufanya kazi ndo unakutaka kweli, Australia na New Zealand wana viza ya vijana ya kutembea huku unafanya kazi, miaka 18 hadi 30, pasi za nchi chache hadi 35. Ila ni kwa nchi walizokubaliana nazo tu, kwa hiyo kabla hujaanza kuota nenda tovuti ya uhamiaji yao uangalie kama pasi yako imo. Usimuulize wakala, wakala atakwambia imo. Wengi wanaotaka mwaka wa pili Australia lazima wafanye miezi mitatu ya kazi maalum, nyingi za mashambani, na iwe ya mshahara, ile ya kujitolea waliacha kuihesabu tangu 2015.

Sijawahi kukusimulia hili. Nilivyokuwa na miaka 23 nilienda kuchuma zabibu Ufaransa, mkataba wa mdomo tu, msimamizi akakusanya pasi zetu ati asije mtu akaibiwa, nasi tukampa na asante juu. Mwisho wa msimu hela ikatoka nusu, sasa utagombana vipi na mtu ambaye pasi yako iko kwenye kabati lake? Nilinyamaza nikasaini. Baadae sana ndo nikaja kujua kwamba Shirika la Kazi Duniani, ILO, wanahesabu kushikilia pasi kama mojawapo ya dalili za kazi ya kulazimishwa. Pasi mtu aiangalie, apige kopi, akurudishie papo hapo. Na hela ya tiketi ya kurudi ikae kwenye kadi ambayo haitembei na ile nyingine, mimi ningekuwa nayo siku ile ningeongea.

Bima soma mpaka chini. Ya viza ya Schengen lazima ifike angalau euro 30,000, lakini bima nyingi za safari hazilipi ukiumia kazini au ukianguka na pikipiki huna leseni yake. Na mashine ya hela ikikuuliza ukatwe kwa pesa ya nyumbani, kataa, chagua ya hapo ulipo, ukikubali wanakupangia kiwango chao cha kubadilisha hela.

Mi ningekuwa wewe ningepunguza miezi kuliko kuongeza kazi. Miwili na nusu, hosteli mnalipa wenyewe, mabasi ya usiku, inatosha kabisa na hamdaiwi na mtu. Nitumie tarehe zenu tuhesabu siku pamoja kabla hamjabuku kitu. Halafu mama yake mwenzio kanipigia juzi kuniuliza kama najua chochote, nikasema sijui, kwa hiyo mwambieni wenyewe kabla hajanipigia tena.

Mama