Kwa nini mgonjwa wa TB ya ubongo apewe dawa ya kushusha kinga?

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini kaka yako mwenye TB ya utando wa ubongo anachomwa deksamethasoni, dawa inayoshusha kinga, wakati mwili wake unapigana na vijidudu.

Vijidudu ni nusu tu ya tatizo. Seli za kinga zikivigundua humwaga saitokini, kemikali za kuitana, kama TNF na IL-6. Zikizidi, mishipa ya damu ya ubongo huvuja, ubongo huvimba, na fuvu halitanuki jamani. Ndiyo maana mgonjwa hutapika, huchanganyikiwa, wengine hupata kiharusi. Deksamethasoni hupunguza saitokini hizo, huku dawa za TB zikiua bakteria.

Utafiti wa Vietnam uliochapishwa 2004 ulionyesha vifo vikishuka kutoka takribani 41 hadi 32 kwa kila wagonjwa 100. Kwa wenye VVU faida haijaonekana wazi, hivyo daktari ajue hali yake.

Msiikatishe deksamethasoni ghafla akipata nafuu. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Kichwa kikianza kuuma tena au akisinzia ovyo, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.