Pacha wako mlete mapema, msomaji asijione kaibiwa

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini wasomaji wa hadithi yako ya upelelezi wamekasirika muuaji wa yule mnunuzi wa kahawa wa Moshi alivyogeuka kuwa pacha wa mlinzi, katokea Arusha sura ya mwisho. Aisee wana haki kabisa, huyo pacha hawajawahi hata kumsikia! Padre Ronald Knox wa Uingereza, naye alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, kwenye kanuni zake za 1929 alisema pacha asitokee kama msomaji hajaandaliwa.

Ila usimfute, mi nampenda. Mtegee dalili yenye maelezo mengine ya kawaida, mfano sura ya pili mlinzi anapita kilabuni, mama muuza mbege anamsalimia mteja wake wa kila siku, jamaa anapita tu kama hamjui, mama anasema siku hizi ana maringo huyu, msomaji anacheka anaendelea, kumbe hakuwa yeye kabisa! Na hapohapo weka ugomvi wa deni, macho yaende huko.

Mi naandikaga mwisho kwanza ndo narudi kupanda dalili 3 hivi. Sura ya pili ukishairekebisha itupie hapa niisome.